Mashine kubwa imelala, ndogo inaungua: kutatua matatizo ya kuhamishia ujenzi wa programu kwenye kompyuta yenye nguvu

Kompyuta ndogo za aina ya Raspberry Pi zinafaa katika maabara za shule, maduka na ofisi za Lamu kwa sababu inayoeleweka: hula umeme kidogo, huendeshwa na betri ya sola stima inapokatika, na bei yake ni nafuu ukilinganisha na kompyuta ya mezani. Udhaifu wake hujitokeza siku ambayo programu inayotakiwa haipatikani ikiwa tayari kwenye hazina ya vifurushi (ghala la mtandaoni la programu zilizokwisha kujengwa), ikalazimu ijengwe kutoka kwenye msimbo wake. Raspberry Pi 3, iliyotoka mwaka 2016, ina RAM ya gigabaiti 1 tu, na programu kubwa ya C++ huweza kuishughulisha usiku kucha kisha ikaiangusha alfajiri. Hapo ndipo mtu hutafuta mashine ya mezani yenye kori nane au zaidi, iwe chumba cha pili au iwe Malindi, ili ibebe mzigo huo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ameziunganisha mashine hizo mbili lakini mambo hayaendi. Nitaziita mashine ndogo na mashine kubwa. Matatizo mengi ya namna hii huchukua muda mrefu kwa sababu swali la kwanza halijaulizwa: kazi imefanyika wapi hasa? Mtu hubadilisha mipangilio, huongeza idadi ya kazi za pamoja na hununua hata swichi mpya, ilhali mashine kubwa haijapokea faili hata moja. Kwa hiyo kila dalili hapa chini itaanzia kwenye swali hilo.

Ujue unatuma nini

Kuna njia tatu, na kila moja ina maradhi yake. Ya kwanza ni kugawa vipande kwa distcc, programu iliyoanzishwa na Martin Pool na kutolewa mwaka 2002. Mashine ndogo huendesha ujenzi wote, lakini kila faili moja ya C au C++ huandaliwa, hutumwa kwa mashine kubwa ikakompailiwe (igeuzwe kuwa lugha ya prosesa), kisha faili ya matokeo hurudishwa. Ya pili ni kutuma kifurushi kizima kijengwe upande wa pili, kama Nix, mfumo wa kusimamia vifurushi, inavyofanya kupitia SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine iliyo mbali), au kama unavyoweza kufanya mwenyewe kwa kuingia kwenye mashine kubwa na kujenga ndani ya mfumo wa Debian (aina ya Linux) unaofanana na ule wa mashine ndogo. Ya tatu ni kutumia kompaila vuka, yaani kompaila inayokaa kwenye prosesa ya aina moja na kutoa programu ya prosesa ya aina nyingine, kisha ukachukua kifurushi kilichokamilika na kukisakinisha.

Rai yangu ni kwamba distcc inafaa pale tu mashine zote mbili zinapokuwa kwenye kebo ya mtandao ndani ya jengo moja. Ikiwa katikati kuna intaneti ya simu, jenga kifurushi kizima huko huko kisha ukilete kikiwa tayari. Na kabla ya yote, hakikisha kwamba kifurushi hakipo tayari kwenye hazina. Gentoo, aina nyingine ya Linux iliyokuwa maarufu kwa kujenga kila kitu nyumbani, tangu Desemba 2023 imekuwa ikitoa vifurushi vingi vilivyo tayari kwa prosesa za amd64 (za mezani) na arm64 (ARM ya biti 64, kama za Raspberry Pi).

Dalili: mashine kubwa haifanyi kitu, ndogo imejaa kazi

Hii ndiyo dalili inayojitokeza zaidi, na mazungumzo yake kwa simu huwa hivi:

"Fundi, hii kubwa hata feni yake haisikiki, na ile ndogo haishikiki kwa moto."

"Maalim, weka `DISTCC_VERBOSE=1`, uanze ujenzi upya, kisha unisomee mistari inayotokea."

"Inasema `running locally instead`."

Maneno hayo yanatoa siri yote. Distcc ikishindwa kutuma kazi haisimami na kulalamika. Huifanya kazi hiyo pale pale ilipo, na ujenzi huendelea kana kwamba hakuna kilichoharibika. Zaidi ya hayo, mashine kubwa ikikosa kujibu mara moja, distcc huiacha kando kwa sekunde 60 kabla ya kuijaribu tena. Wakati wa kutafuta tatizo, weka `DISTCC_FALLBACK=0` ili kushindwa kuonekane wazi, na kwenye dirisha jingine endesha `distccmon-text 1`, ambayo huonyesha kila sekunde faili ipi iko wapi.

Ikiwa logi inasema kwamba muunganisho umekataliwa, nenda kwenye mashine kubwa na uandike `ss -tln`. Distcc husikiliza kwenye mlango 3632. Kwenye Debian, faili ya `/etc/default/distcc` huja ikiwa imefungwa isikilize anwani 127.0.0.1 peke yake, maana yake mashine kubwa iko tayari kujisaidia yenyewe tu. Badilisha `LISTENER` iwe anwani yake ya mtandao wa ndani, na `ALLOWEDNETS` itaje mtandao wenu, kwa mfano 192.168.1.0/24. Kama mlango unasikiliza na bado hufiki, angalia programu ya kinga ya mtandao kwenye mashine kubwa, na angalia pia kama ruta imewekwa izuie vifaa vya Wi-Fi visionane, jambo la kawaida kwenye ruta ambazo zilitoka kwenye nyumba ya wageni.

Ikiwa muunganisho unakubaliwa lakini kazi inarudishwa, sababu huwa ni orodha ya kompaila. Kuanzia toleo 3.3, distcc haikubali kuendesha kompaila yoyote isiyotajwa kwenye `/usr/lib/distcc`, na ukisakinisha kompaila vuka baada ya distcc orodha hiyo huenda isiijue. Amri ya `update-distcc-symlinks` kwenye mashine kubwa, ikifuatiwa na kuiwasha huduma upya, humaliza jambo hilo.

Kuna hali ambayo distcc haitaji kosa lolote kwa sababu haikuitwa kamwe. Kwenye mashine ndogo andika `which gcc`; jibu likiwa `/usr/bin/gcc` badala ya `/usr/lib/distcc/gcc`, basi ujenzi unakwenda moja kwa moja kwenye kompaila ya hapo hapo. Wanaotumia CMake, programu ya kupanga ujenzi, wana mtego wa ziada, kwani CMake hukariri njia ya kompaila mara ya kwanza inapopanga mradi, na kubadilisha `PATH` baadaye hakuigusi. Fungua folda mpya ya ujenzi, kisha utaje `-DCMAKE_C_COMPILER_LAUNCHER=distcc` na `-DCMAKE_CXX_COMPILER_LAUNCHER=distcc` tangu mwanzo.

Chaguo la `-march=native` nalo huifungia kazi nyumbani. Chaguo hilo humwambia kompaila aitazame prosesa aliyo juu yake na kuifuata, na kwa kuwa mashine kubwa ingetazama prosesa yake yenyewe, distcc hukataa kuituma, tena kwa haki. Taja prosesa kwa jina lake: `-mcpu=cortex-a53` kwa Raspberry Pi 3, `-mcpu=cortex-a72` kwa Raspberry Pi 4.

Mwisho, si kila kazi inatumika. Hatua ya `configure`, ambayo hujaribu vitu mamia kimoja baada ya kingine, hubaki kwenye mashine ndogo, na hatua ya kuunganisha faili zote kuwa programu moja hubaki huko pia. Programu za Rust hazihusiki na distcc hata kidogo. Kwa hizo kuna sccache ya Mozilla, inayoweza kugawa kazi za Rust. Za Go hazihitaji hata hilo: jenga moja kwa moja kwenye mashine kubwa kwa `GOOS=linux GOARCH=arm64`, na mradi programu haitumii maktaba za C, kinachotoka kitakubali kwenye mashine ndogo.

Dalili: kazi inatumwa lakini muda haupungui

Hapa mashine kubwa inaonekana ikifanya kazi kidogo, inapumzika, inafanya tena. Mara nyingi njia ndiyo nyembamba. Faili ya C++ ikishaandaliwa, yaani ikishameza faili zote za vichwa (header) inazozitaja, huweza kukua kutoka kilobaiti chache hadi megabaiti kadhaa, na hiyo ndiyo inayosafirishwa. Nyumba za mawe za Mkomani zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na Wi-Fi inayopita kuta mbili za aina hiyo hufika ikiwa hoi. Amri ya `ping` kati ya mashine hizo ikionyesha muda unaorukaruka, usihangaike na mipangilio ya kompaila kabla hujavuta kebo. Ujue pia kikomo cha mashine yenyewe: Raspberry Pi 3 ya kwanza ina tundu la mtandao la megabiti 100 kwa sekunde, na ni Raspberry Pi 4 ndiyo iliyofika gigabiti 1 kamili.

Kama kebo haiwezekani, ongeza `,lzo` baada ya anwani ya mashine kubwa kwenye orodha ya mashine ya distcc ili faili zibanwe kabla ya kutumwa. Inagharimu prosesa kidogo, ila kwenye Wi-Fi dhaifu inalipa.

Sababu ya pili ni kwamba mashine ndogo haiwezi kuandaa faili kwa kasi ya kuishibisha mashine kubwa. Uandaaji wa awali hufanyika upande mdogo, hivyo kutaja `-j24` (kazi 24 kwa pamoja) kwa kuwa mashine kubwa ina kori nyingi ni kujidanganya. Kori nne za mashine ndogo zitakuwa zimeelemewa na kuandaa tu. Anza na `-j8`, upandishe polepole huku ukitazama `top` kwenye pande zote mbili. Toleo 3.0 la distcc lilileta utaratibu wa pump, ambao hutuma faili za vichwa zenyewe ili hata uandaaji ufanyike mbali. Unahitaji `,cpp,lzo` kwenye orodha ya mashine na ujenzi kuanzishwa kwa `pump make`. Unasaidia sana kwenye miradi ya kawaida, lakini huchanganyikiwa pale mradi unapozalisha faili za vichwa katikati ya ujenzi, na hapo ni heri kurudi kwenye utaratibu wa zamani kuliko kutafuta mchawi.

Anayejenga mradi ule ule mara kwa mara asisahau ccache, programu inayohifadhi matokeo ya kukompaili. Kwa kuweka `CCACHE_PREFIX=distcc`, faili ambayo haijabadilika huchukuliwa kwenye akiba ya nyumbani, na ile mpya tu ndiyo inayosafiri.

Dalili: ujenzi unakufa katikati, au mashine ndogo inajizima

Ukiona `fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`, usitafute kosa kwenye msimbo. Keneli, kiini cha mfumo wa Linux, imeishiwa na RAM, ikachagua kuua kompaila. Amri ya `dmesg` itakuonyesha mstari wa `Out of memory` wa saa hiyo hiyo. Swali letu linarudi: kwa nini kompaila ilikuwa inaendeshwa kwenye mashine ndogo wakati tumeihamisha?

Katika mazingira yetu jibu huanzia kwenye nguzo ya umeme. Stima ikikatika, mashine kubwa inazimika papo hapo. Mashine ndogo iko kwenye betri, inaendelea. Distcc inakosa mtu wa kumpelekea kazi, inazirudisha nyumbani, na kompaila tatu au nne nzito zinatua kwa pamoja kwenye RAM ya gigabaiti 1. Dakika chache baadaye mashine ndogo nayo imekwama, ingawa umeme wake haukukatika. Ndiyo maana mimi hupendelea `DISTCC_FALLBACK=0` ibaki hata baada ya matengenezo: heri ujenzi usimame na usubiri stima kuliko uiangushe mashine inayohudumia darasa zima. Asiyetaka kusimama kabisa aanze orodha yake ya mashine hivi:

`--localslots=1 --localslots_cpp=4 192.168.1.20/8,lzo`

Hapo kazi ya kukompaili inayorudi nyumbani itafanywa moja moja, na mashine kubwa itapokea hadi nane kwa wakati mmoja.

Kama kifo kinatokea mwishoni kabisa, ni hatua ya kuunganisha, ambayo distcc haiiondoi. Chaguo la `-Wl,--no-keep-memory` hupunguza RAM inayoliwa, na zram, ambayo hubana kumbukumbu ndani ya RAM yenyewe, ni bora kuliko kuweka swapu (RAM ya akiba) kwenye kadi ya SD, kwani kadi hizo huchakaa kwa kuandikwaandikwa. Ikiwa bado haitoshi, huo ni ushahidi kwamba programu hiyo ni ya kujengwa nzima mbali, si ya kugawanywa.

Kujizima bila ujumbe wowote ni jambo jingine. Andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu la `0x0` ni salama. Jibu la `0x50000` linasema kwamba tangu mashine iwashwe umeme umewahi kushuka na kasi imewahi kupunguzwa. `0x50005` linasema yote mawili yanatokea sasa hivi. Kizingiti cha umeme ni volti 4.63, na mara nyingi mkosaji si stima bali ni waya mwembamba wa kuchaji simu uliotumika mahali pa waya mnene. Raspberry Pi 4 hutakiwa kupewa volti 5 na ampia 3.

Joto nalo lina sehemu yake. Prosesa ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi mashine huanza kujipunguzia kasi. Nimeona kompyuta hizi zikipangwa ndani ya zidaka, na kwa macho hupendeza, kila moja kwenye kishimo chake ukutani. Lakini kidaka hakina pa kupitisha hewa, na katika miezi ya kaskazi hewa yenyewe imeshapata moto kabla ya mashine kuwashwa. Itoe nje, iwekee kipoza joto na feni ndogo, kisha upime tena.

Dalili: ujenzi umefaulu, programu haikubali

Hii ndiyo sehemu inayokula muda wa watu, kwa sababu kila kitu kilionekana sawa hadi mwisho. Ujumbe wenyewe ndio unaotofautisha sababu.

Ukipata `file in wrong format`, au `Relocations in generic ELF (EM: 62)`, ujenzi haujafika hata kuunganishwa. Namba 62 ni alama ya prosesa za x86-64. Mashine ndogo iliomba `gcc`, mashine kubwa ikaendesha `gcc` yake yenyewe, ikarudisha faili ya prosesa ya mezani. Faili za ARM ya biti 64 zingekuwa na namba 183, na za biti 32 namba 40. Matoleo mapya ya distcc hujaribu kulibadilisha jina la `gcc` liwe jina kamili linalotaja prosesa, lakini jaribio hilo haliwezi kusaidia ikiwa kompaila vuka haijasakinishwa upande mkubwa. Weka `gcc-aarch64-linux-gnu` na `g++-aarch64-linux-gnu` kwenye mashine kubwa, na ujenzi uitaje kompaila kwa jina hilo refu, `CC=aarch64-linux-gnu-gcc`. Toleo kuu la kompaila liwe sawa pande zote mbili.

Ukipata `Exec format error` unapoiendesha programu iliyokwisha kujengwa, maana yake ni ile ile ila imegunduliwa kwa kuchelewa. `file` ikifuatiwa na jina la programu itakuambia imejengewa prosesa gani. Hapa kuna mtego mmoja wa Raspberry Pi OS: matoleo ya karibuni ya biti 32 huwasha keneli ya biti 64 kwenye mashine zinazoiweza, hivyo `uname -m` hujibu `aarch64` ilhali programu zote zilizomo ni za biti 32. Mtu huamini jibu hilo, hujenga ya biti 64, na haikubali. Amri ya kuaminika ni `dpkg --print-architecture`, ambayo hutaja mfumo wenyewe na si keneli.

`Illegal instruction` ina hila zaidi. Programu ni ya ARM, inaanza vizuri, kisha inakufa. Debian ya armhf, yaani ya ARM ya biti 32, imejengwa kwa kuchukulia kwamba prosesa ni ARMv7 au zaidi, ilhali Raspberry Pi ya kwanza ya mwaka 2012 na Raspberry Pi Zero ya mwaka 2015 ni ARMv6, na Raspberry Pi OS ya biti 32 imejengwa kwa kiwango hicho cha chini ingawa nayo inajiita armhf. Mifumo miwili, jina moja. Ukichukua kompaila vuka ya `arm-linux-gnueabihf` kutoka Debian ukajengea Zero, programu itakufa hapo hapo. Kutaja `-march=armv6` peke yake hakutoshi unapojenga programu nzima mbali, kwa sababu faili za mwanzo na maktaba za kompaila zinazounganishwa ndani yake zenyewe ni za ARMv7. Ila kwa anayetumia distcc kunatosha, ukiongeza `-marm -mfpu=vfp -mfloat-abi=hard`: mashine kubwa hukompaili vipande tu, na hatua ya kuunganisha hufanyika nyumbani kwa maktaba za nyumbani. Hii ni mojawapo ya sehemu chache ambazo udhaifu wa distcc unageuka kuwa faida. Kuhakikisha, endesha `readelf -A` juu ya faili na utazame mstari wa `Tag_CPU_arch`. Ukisoma `v7` kwenye kitu kinachokwenda kwenye Zero, usijisumbue kukisafirisha.

Kwenye biti 64, kosa hilo hilo huletwa na chaguo la `+crypto`. Prosesa za Raspberry Pi 3 na 4 hazina maelekezo ya usimbaji ya AES ambayo watu hudhani kila Cortex-A72 inayo; Raspberry Pi 5 inayo.

Ukiona ``version `GLIBC_2.34' not found``, prosesa haina lawama. Programu imejengwa kwenye mfumo mpya kuliko ule inaokwenda kuishi. Debian 11 ina glibc (maktaba ya msingi ya C) 2.31, Debian 12 ina 2.36, na programu iliyounganishwa na glibc mpya haikubali kwenye ya zamani, ingawa kinyume chake kwa kawaida hukubali. Dawa si kunakili maktaba ya glibc kutoka mashine kubwa, jambo linaloweza kuufanya mfumo mzima usiwake tena. Dawa ni kutengeneza kwenye mashine kubwa, kwa `debootstrap` au `sbuild`, mazingira ya toleo lile lile la Debian, na kujengea humo. Ikiwa mazingira hayo ni ya ARM kamili, utahitaji uigaji wa QEMU, programu inayoigiza prosesa ya aina nyingine, kupitia kifurushi cha `qemu-user-static`. Uigaji ni mzito kuliko kompaila vuka kwa mbali, lakini hauhitaji kuubembeleza mradi ambao haujui kuvuka, na kwa kifurushi kimoja kwa mwezi mimi sioni ubaya wake.

Dalili za wanaotumia Nix

Nix hutuma kazi nzima, kwa hiyo makosa yake ni ya ruhusa zaidi kuliko ya kompaila. Linaloanza ni SSH: wewe unaingia kwenye mashine kubwa bila shida, Nix haiingii. Sababu ni kwamba anayeingia ni huduma ya Nix, nayo hufanya kazi kwa jina la root (msimamizi mkuu wa mfumo), na ufunguo wako wa SSH si wa root. Jaribu kwa `sudo ssh` ukitaja mtumiaji na anwani ile ile. Ikikuuliza neno la siri au ikiuliza kama unaitambua mashine, hapo ndipo pa kurekebisha.

Ujumbe unaosema kwamba `aarch64-linux` inahitajika lakini mashine ni `x86_64-linux` unatokana na mashine kubwa kutotangaza kwamba inaweza kujengea ARM. Kwenye NixOS, mstari wa `boot.binfmt.emulatedSystems` unaotaja `aarch64-linux` huwasha uigaji, na aina hiyo lazima iandikwe pia kwenye `/etc/nix/machines` ya mashine ndogo. Ukiona `lacks a signature by a trusted key`, kazi imeshafanyika na kinachokataliwa ni kupokelewa kwake. Mtumiaji awe kwenye `trusted-users`, au funguo za kutia sahihi zibadilishanwe.

Mpangilio wa `builders-use-substitutes = true` ndio ninaouona muhimu kuliko yote kwa mtu wa visiwani. Usipouweka, mashine ndogo hupakua kutoka intaneti kila kitu ambacho ujenzi unategemea, kisha hukipandisha tena kwenda kwenye mashine kubwa. Ukiuweka, mashine kubwa hujipakulia yenyewe. Na `max-jobs = 0` kwenye mashine ndogo huizuia isijenge chochote kabisa, kwa sababu zile zile nilizozitaja kuhusu distcc.

Saa

`Clock skew detected. Your build may be incomplete.` Raspberry Pi 3 na 4 hazina betri ya saa. Zikizimika ghafla huamka zikiamini kwamba ni wakati uliopita, na `make` hushindwa kujua faili ipi ni mpya. Ngoja `timedatectl` iseme kwamba saa imelingana ndipo uanze.

Dalili: mashine iliyo Malindi haifikiki, au inafikika kisha inaganda

Mashine iliyo kwenye intaneti ya simu kwa kawaida haina anwani yake ya umma; inashiriki anwani moja na wateja wengine, na hakuna namna ya kuipigia hodi kutoka nje. Kufungua mlango kwenye ruta hakusaidii. Inabidi yenyewe itoke na kukutana nawe mahali, kwa mfano kupitia WireGuard (njia ya siri kati ya mashine) kwenye seva ndogo yenye anwani ya umma, pande zote mbili zikiwa na `PersistentKeepalive = 25` ili njia isifungwe kwa kukaa kimya. Mlango 3632 usiuweke wazi kwenye intaneti kwa hali yoyote: distcc haisimbi inachotuma wala haimuulizi mtu ni nani, na udhaifu wa kumruhusu mgeni kuendesha amri umesajiliwa tangu zamani kwa namba CVE-2004-2687.

Ikiwa SSH inaanza, inaonyesha kwa `ssh -v` kwamba imeunganishwa, kisha inaganda kwenye `expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY`, basi pakiti kubwa zinapotea njiani huku ndogo zikipita. WireGuard kwa kawaida hutumia ukubwa wa pakiti (MTU) wa baiti 1420. Ushushe hadi 1280 pande zote mbili, ujaribu tena.

Ujenzi wenyewe uanzishe ndani ya `tmux`, ili mtandao wa Lamu ukikatika kazi iliyo Malindi isikatike nao. Ukirudi, kivute kifurushi kwa `rsync --partial`, ambayo huendelea ilipoishia, kisha linganisha `sha256sum` ya pande zote mbili kabla ya kukigusa. Kisakinishe kwa `apt install ./` ikifuatiwa na jina la faili badala ya `dpkg -i`, kwa kuwa `apt` hutafuta pia vifurushi vingine ambavyo hicho chako kinavitegemea, ilhali `dpkg` itakuachia orodha ya vilivyokosekana uvitafute mwenyewe.